Mwezi Juu ya Paa la Hoteli

"Hili gari unalijua?"

Injinia aliiweka simu yake juu ya ramani ya Mpima, katikati kabisa ya kiwanja alichokuwa akikichora, kama mtu anayeweka kikombe cha chai kwenye meza ya nyumbani kwake. Mpima hakuigusa. Aliinamisha kichwa tu. Picha ilionyesha gari dogo jeupe limeegeshwa mbele ya hoteli kubwa ya mjini, ubavuni limeandikwa jina la studio kwa rangi ya buluu. Gari lenye maandishi hayo lilikuwa moja tu mji mzima.

"Ni la Flashi," alisema. Flashi alikuwa mchumba wake.

"Nimeipiga mwenyewe. Jumamosi ile baba yako alipolazwa. Napita zangu, saa mbili kasoro hivi jioni, namwona anashuka na dada mmoja, wameshikana mikono, wanaingia ndani. Wiki mbili sasa sipati usingizi. Nikwambie, nisikwambie."

"Sura yako ni ya mtu aliyelala vizuri."

Injinia alikubali pigo lile kwa tabasamu la upole. Alisema anaielewa hasira yake, kwamba mleta habari mbaya ndiye hupigwa kwanza, na kwamba hakuja kuomba chochote. Akamtumia picha ile kwenye simu yake, akachukua ramani za kampuni yake ya ujenzi alizokuwa amezifuata, akatoka. Mlangoni aligeuka kidogo, ili kuona.

Mpima alikuwa amerudi kwenye rula yake.

Lakini mstari ulikuwa umekwenda upande. Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. Alikuwa mpima ardhi. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya majirani wasiosalimiana, kutazama kwenye darubini yake ya kupimia, na kusema: mpaka uko hapa. Hakuna aliyewahi kumwona akikosea mstari.

Jumamosi ile ilikuwa bado inauma hata kabla ya picha. Baba yake, mwamuzi wa mpira mstaafu, alianguka bafuni kwa maumivu ya mawe kwenye figo. Mpima alimpigia Flashi kutoka kwenye ukumbi wa hospitali, akapiga tena, akapiga mpaka ile sauti ya mwanamke wa mtandao ikamchosha. Simu imezimwa. Flashi alitokea asubuhi iliyofuata, macho mekundu, vumbi kwenye suruali. Alisema alikuwa mlimani nyuma ya machimbo ya kokoto, anapiga picha ya mwezi mwandamo ukiwa karibu na Zuhura, ile nyota ya jioni, na kwamba mwezi ulipozama alibaki akipiga nyota hadi alfajiri. Mpima alimkasirikia, akamsamehe, kwa sababu jambo lile lilifanana naye.

Sasa picha ya hoteli nayo ilifanana na mwanamume aliyezima simu.

Jumatatu ile alifunga ofisi mapema.

*

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye kitambaa cheupe ukutani, taa mbili za miavuli, na kigoda wanachokalia watu wa picha za pasipoti. Miaka mitatu nyuma Mpima alikaa kwenye kigoda hicho. Flashi alimwambia asitabasamu, asipepese, atazame hapa. Akapiga, akatazama kioo cha kamera, akasema, "Samahani, nirudie. Nimepepesa mimi." Hivyo ndivyo yalivyoanza. Jina la Flashi alipewa na wateja wa harusi. Yeye mwenyewe alipenda zaidi picha zisizotaka taa kabisa: anga tupu, kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, lenzi ikiachwa wazi mpaka nyota zenyewe zijiandike. Alisema anga ndiyo mteja pekee asiyeuliza kama amenenepa.

Alikuwa anakata picha za pasipoti kwa mkasi Mpima alipoingia.

"Jumamosi baba alipolazwa ulikuwa wapi?"

"Mlimani. Si nilikwambia?"

"Niambie tena."

Flashi aliuweka mkasi chini. Alieleza yote upya, bila kuongeza wala kupunguza: kwamba alitaka mwezi na Zuhura vishuke sambamba na mnara wa maji, kwamba alizima simu kwa sababu jicho lililozoea giza hupofushwa na mwanga wa kioo, na kulizoesha upya huchukua muda ambao mwezi mwembamba hausubiri, kwamba ilikuwa kosa, na alishaomba radhi.

Mpima alimpa simu. Flashi aliitazama picha ya hoteli kwa muda.

"Gari ni langu. Hoteli naijua, nafanya kazi pale mara kwa mara. Lakini siku hiyo sikukanyaga pale. Nani kakupa?"

"Nani si hoja. Nionyeshe picha za mlimani."

Alimfungulia kompyuta. Picha ilikuwa nzuri, hilo Mpima hakuweza kulikataa. Mwezi mwembamba kama kucha iliyokatwa, Zuhura pembeni yake iking'aa, chini mnara wa maji umesimama mweusi, na nyuma yake ncha ya paa la kiwanda cha unga. Kisha akabonyeza mahali pa kuonyesha tarehe.

Tarehe mosi Januari. Mwaka ambao hawakuwa hata wamejuana. Saa sita kamili mchana.

"Betri ndogo ya ndani iliisha," Flashi alisema taratibu. "Ikiisha, kamera inarudi kwenye saa ya kiwandani. Niliibadilisha, nikasahau kurekebisha saa, na usipoirekebisha haitembei."

"Tangu lini?"

"Muda. Picha za harusi hakuna anayeziuliza tarehe. Bibi harusi anaijua."

Siku nyingine Mpima angecheka.

"Nikipeleka mahakamani kipimo chenye tarehe ya uongo, natolewa nje," alisema. "Na wewe unanipa nyota za saa sita mchana."

"Unaniona mwongo?"

"Sijasema hivyo. Nimesema sina ushahidi. Aliyenipa anayo picha yenye gari lako, na mimi ninayo simu iliyozimwa. Wewe una nini?"

Flashi alifunga kompyuta. Mpima alivua pete, akaiweka juu ya kigoda cha pasipoti, mahali walipoanzia. Hakuitupa. Aliiweka taratibu, kama anavyoweka alama ya mpaka ambayo bado haijathibitishwa.

"Kaa nayo mpaka nijue," alisema, akaondoka.

*

Kabla hajafika nyumbani, kaka yake alikuwa ameshajua. Kaka alikuwa dalali wa nyumba, na kampuni ya Injinia ndiyo ilimpa nyumba nyingi za kuuza. Tangu mwaka uliopita alikuwa akimwita Injinia "shemeji" mbele za watu, kwa utani, kisha bila utani. Alipiga simu.

"Nimesikia kuhusu ile kamera," alisema, na kicheko kikamkatiza. "Nyota za saa sita mchana. Dada, huyo mtu angalau angekudanganya kwa adabu."

"Nani kakwambia habari ya saa ya kamera?"

"Wewe umempigia mama njiani, mama kaniambia mimi, mimi nimemwambia shemeji. Ndiyo kazi ya familia."

"Shemeji yupi?"

"Utamzoea. Baba ameita kikao Jumapili. Kadi za harusi hazijachapishwa bado, Mungu ametuhurumia. Injinia atakuja kusema alichokiona, na Flashi ataitwa ajibu. Akishindwa, ukurasa umefungwa. Na kuna mtu mwenye nia safi amesimama pale pale, anasubiri."

Mpima alimwambia usiku mwema, ingawa jua lilikuwa bado halijazama.

Siku zilizofuata alifanya kazi vizuri kupita kiasi. Injinia alituma ujumbe kila asubuhi, mfupi na wa kistaarabu, akimtakia nguvu. Mama alimpikia, akamtazama akila. Flashi alikaa kimya hadi Alhamisi, kisha ukaingia ujumbe mmoja, pamoja na ile picha ya mlimani katika ukubwa wake kamili:

"Sikuombi uniamini. Nakuomba uipime."

Mpima aliusoma akiwa amesimama. Akakaa. Tangu Jumatatu watu walimwambia atazame moyo wake, asikilize moyo wake, na kila aliyemwambia hivyo alimchosha. Huyu alimwambia apime. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua kumbembeleza namna ile.

Alifungua ramani ya mji. Katika picha ya Flashi, ncha ya paa la kiwanda cha unga ilionekana imegusa ukingo wa kulia wa mnara wa maji, kama vidole viwili vinavyokaribia kushikana. Vitu viwili vikionekana vimepangana hivyo, aliyevitazama alisimama kwenye mstari mmoja tu, si kulia wala kushoto kwake. Alichora mstari huo kwa penseli, kutoka kiwandani, kupitia mnarani, hadi juu ya mlima. Ulipita nyuma ya machimbo ya kokoto.

Ijumaa alipotoka kazini alikwenda mwenyewe.

Njia ilikuwa ya malori, vumbi jeupe kila mahali. Alipanda akitazama nyuma kila baada ya hatua chache, akisogea kulia, kushoto, mpaka ncha ya paa ikagusa ukingo wa mnara kama kwenye picha. Alitazama chini. Kwenye udongo mgumu kulikuwa na mawe matatu bapa yamepangwa pembetatu, kila moja limechimbiwa kidogo ili lisicheze. Flashi alikuwa na desturi hiyo: miguu ya stendi hukalia mawe, maana udongo hunywea polepole, na kinachonywea kwa unene wa unywele huzivuruga nyota zote.

Mpima alisimama katikati ya mawe yale kwa muda. Alijua sasa kwamba alikuwa pale. Hakujua lini.

Jua lilizama mbele yake, nyuma ya mnara. Zuhura ikatokea, peke yake. Alitafuta mwezi bila kufikiri, kwa sababu kwenye picha ulikuwa pale, na haukuwepo. Alitazama anga yote. Haukuwepo popote.

Yeye alizoea vitu vinavyokaa vilipowekwa. Mwezi haukai. Ungechomoza baadaye, huko nyuma ya mgongo wake, watu wakiwa wamelala. Kila jioni uko mahali pengine, na kila jioni una umbo jingine.

Alitoa simu. Picha ya Injinia alikuwa ameitazama zaidi ya mara kumi: gari, maandishi ya buluu, namba za gari. Hakuwahi kuangalia juu ya gari.

Juu ya paa la hoteli kulikuwa na duara jeupe.

Hakushangilia. Alikaa juu ya jiwe moja akajaribu kuibomoa hoja yake mwenyewe, kama ambavyo wakili wa upande wa pili angeibomoa. Alipopata tundu, alilitafutia kizibo. Kisha akamwandikia Flashi:

"Karibuni ulifanya kazi lini pale hotelini?"

Jibu lilikuja haraka, kana kwamba simu ilikuwa mkononi muda wote. "Alhamisi ya wiki iliyopita. Kampuni ya ujenzi walikuwa wanamuaga mkurugenzi wao. Kwa nini?"

"Jumapili vaa shati safi."

*

Sebule ya nyumbani kwao ilikuwa na makochi ya kahawia, runinga kubwa, na kabati la kioo lenye filimbi ya baba juu ya kitambaa cha mahameli. Baba alikaa kwenye kiti chake, bado mdhoofu, mgongo wima. Mama alikuwa kulia kwake. Injinia alikaa na Kaka kwenye kochi refu. Flashi alipewa kiti cha plastiki karibu na mlango. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka linang'aa.

"Kila mtu kwa zamu," Baba alisema. "Atakayemkatiza mwenzake, natoa nje. Haijalishi ni mwanangu."

Alimtazama Kaka aliposema hivyo.

Injinia alieleza. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu anayesikitika. Alimtaja yule dada, nguo yake, jinsi walivyocheka wakiingia. Alisema yeye hana nia mbaya na kijana mwenzake, lakini binti wa watu hawezi kuachwa aolewe gizani. Kaka alitikisa kichwa kila mahali palipofaa.

Baba alimgeukia Flashi. Flashi alisema alikuwa mlimani, gari alilipeleka huko huko, na yule dada hamjui kwa sababu hayupo. Alisema saa ya kamera yake haikuwa sahihi na hana wa kumlaumu ila yeye mwenyewe. Ulikuwa utetezi mfupi mno, hata mama akashusha pumzi.

"Baba, naomba kumuuliza Injinia maswali," Mpima alisema.

"Uliza."

"Ile picha umeipiga wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, kwa simu hii."

"Hukutumiwa na mtu. Hukubadilisha kitu."

"Mimi ni injinia, si mchawi."

Kaka alicheka. Baba alimwinulia kidole, kicheko kikaisha.

"Na ilikuwa Jumamosi ile baba alipolazwa. Si siku nyingine."

"Naapa mbele ya mzee."

"Usiape. Jibu linatosha."

"Jumamosi ile. Saa mbili kasoro jioni."

"Asante," Mpima alisema, na wote waliomjua kazini wangeijua sauti ile. Ndiyo aliyoitumia majirani wote wawili wakishatia sahihi. Aliunganisha simu yake na runinga. Picha ya hoteli ikajaa kwenye kioo. "Mama, juu ya paa kuna nini?"

Mama alisogea mbele. "Mwezi."

"Uko vipi?"

"Mzima. Kama sahani."

Alibadilisha. Ikaja picha ya mlimani. "Na huu?"

"Huu mchanga. Umekonda kama mimi nilipoolewa."

"Watu wawili wanasema walikuwa nje jioni moja, katika mji mmoja. Mmoja ameona sahani, mwingine kucha. Mmoja wao hakuwa nje jioni hiyo."

Kaka alinyoosha mkono kama mwanafunzi, safari hii kwa tahadhari.

"Basi ni Flashi. Picha yake yenyewe inasema ni Januari, saa sita mchana. Tutajuaje ni ya Jumamosi ile?"

"Hoja nzuri, kaka. Baba, ulipofikishwa hospitali, kabla hujaingizwa ndani, walikuacha uani kidogo. Ulikuwa unatazama nini?"

Baba alikunja uso. Alitazama filimbi kabatini, kama iliyokuwa na jibu.

"Waliinua kile kitanda upande wa kichwa," alisema. "Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa maegesho. Juu yake mwezi mwembamba, na nyota moja kubwa imeusogelea. Maumivu yalikuwa makali. Nikamwambia mama yenu, kama huu ndio mwisho wa mchezo, uwanja wameupamba."

"Ulisema hivyo," mama alisema. "Na mimi nikakwambia unyamaze."

Mpima aliikuza picha ya mlimani kwenye runinga, mwezi mwembamba na nyota moja kubwa imeusogelea, akaiacha hapo.

Injinia alikuwa amebadilisha mkao. Lakini hakuwa mjinga.

"Mzee wangu, niruhusu. Simu yangu ni ya kawaida. Simu hizi zikipiga mwezi, hata uwe mwembamba vipi, mwanga unatapakaa, unatoka duara. Kila mtu anajua. Hiyo sahani anayosema mama ni simu tu."

"Hapo anasema kweli," Flashi alisema kutoka mlangoni.

Wote waligeuka. Kaka alimtazama kama mtu aliyemwona mchezaji akijifunga bao.

"Unamsaidia?" Kaka aliuliza.

"Swali ni la picha, na picha ni kazi yangu. Simu hufanya hivyo. Mwezi mwandamo kwenye simu unaweza kuonekana mpevu. Siwezi kusema uongo kwa sababu unanifaa."

Mpima alimtazama. Kizibo cha tundu lile kilikuwa tayari tangu Ijumaa, mlimani, kwa hiyo maneno ya Flashi hayakumharibia chochote. Lakini Flashi hakujua hivyo. Alidhani anajiangamiza, na bado alisema. Mpima aligundua kwamba ushahidi aliokuwa akiutafuta wiki nzima ulikuwa umetoka mlangoni, kwenye kiti cha plastiki.

Ilibidi ainame kurekebisha waya wa runinga ambao haukuwa na tatizo.

"Ni kweli," alisema alipoinuka, sauti yake ikiwa imara. "Kwa hiyo tuliache umbo. Tutazame upande. Mama, mbele ya hoteli ile jua linapiga saa ngapi?"

"Jioni," mama alisema bila kufikiri. "Harusi ya binti wa jirani tulikaa pale barazani, jua usoni mpaka likazama. Vipodozi vyote vikateremka."

"Maana yake mbele ya hoteli panatazama linakozama jua. Kiwanja kile nimekipima mimi. Ukisimama barabarani ukaipiga picha hoteli, uso wako umeelekea linakochomoza. Na mwezi wa kwenye picha uko nyuma ya paa, huko huko linakochomoza." Alimgeukia Injinia. "Mwezi mwembamba wa jioni hulifuata jua na kuzama nyuma yake. Baba aliuona upande huo. Flashi aliupiga upande huo. Jioni, upande linakochomoza jua, hutokea mwezi mpevu tu. Simu yako inaweza kuunenepesha mwezi, Injinia. Haiwezi kuuhamisha."

Injinia aliitazama simu yake, akaiweka kwenye kochi.

"Mwezi ulikuwa mpevu Alhamisi, karibu wiki mbili baada ya Jumamosi ile," Mpima aliendelea. "Siku kampuni yenu ilipomuaga mkurugenzi. Flashi alikuwa kazini pale. Gari lake lilikuwa nje, kama inavyoonekana."

"Na wewe ulikuwepo," Flashi alimwambia Injinia, si kwa ukali. "Nina picha yako. Ulinyanyua sahani, ukasema nikupige na keki."

Injinia alitazama mlango, lakini mlangoni alikaa Flashi. Alianza kusema kwamba huenda alichanganya siku, kazi ni nyingi, kwamba nia yake ilikuwa njema. Mpima alimwuliza kitu kimoja tu.

"Na yule dada? Naye ulichanganya?"

Injinia aliutazama mlango tena.

Baba alijishika kwenye mikono ya kiti, akasimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Miaka yote niliyochezesha mpira," alisema, "aliyecheza rafu nilimwonyesha kadi, na baada ya mechi tulisalimiana. Binadamu huteleza. Lakini yule anayejiangusha mwenyewe, akagaagaa, ili mwenzake atolewe nje, huyo sikuwahi kumpa mkono. Nenda nyumbani, kijana."

Flashi alisogeza kiti chake ili kumpisha. Injinia alipita bila kumtazama mtu. Simu yake aliisahau kwenye kochi. Kaka aliiokota, akamkimbilia nayo.

"Shemeji, simu—"

"Shemeji yako amekaa hapa kwenye plastiki," mama alisema. "Ukirudi umletee kiti cha maana."

Kaka alirudi, akaleta kiti cha maana. Alimpa Flashi mkono. Alisema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na mtu yule, anavyovaa saa za mkono mbili. Mama alimpa soda, na kwa familia ile hiyo ilikuwa hukumu nyepesi.

*

Waliachwa uani wawili, karibu na kamba ya nguo.

"Uliipima," Flashi alisema.

"Uliniomba nipime."

"Ungekuta nilidanganya?"

"Ningesema vile vile, mbele ya watu wale wale." Alimtazama moja kwa moja. "Mbona ulimkubalia kuhusu simu? Hukujua kama nina jibu jingine."

"Sikujua. Niliona umeshashindwa, na mimi pia. Lakini ilikuwa kweli."

Mpima alikuwa na maneno aliyoyaandaa, na yote yalikuwa ya mwanasheria. Akayaacha.

"Bado kuna jambo," alisema. "Usiku ule sikutaka mwanamume mwaminifu aliyeko mlimani. Nilitaka mtu apokee simu. Baba alikuwa anakufa, kwa nilivyojua mimi, na wewe ulikuwa unalilinda jicho lako."

Flashi hakujitetea. Alisema ni kweli. Alisema tangu siku ile anaiacha simu imewashwa, ameishonea mfuko wa kitambaa cheusi, mwanga hautoki ila mlio unatoka, na kwamba ameshaharibu picha mbili kwa sababu mama yake alipiga kuuliza kama amekula.

"Ulikuwa umekula?"

"Sikuwa nimekula."

Mpima alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Flashi alitoa mfukoni kikopo kidogo cha kuwekea kadi za kamera, akakifungua. Pete ilikuwa ndani, imekaa juu ya sponji.

"Kwanza nipe kamera," Mpima alisema.

Flashi aliishusha begani, akampa. Mpima alitafuta mahali pa saa, akatazama saa ya mkononi mwake, akaiweka tarehe, akaiweka saa na dakika, akasubiri sekunde ifike, akabonyeza. Ndipo akanyoosha kidole.

*

Kadi zilichapishwa. Harusi ikafanyika, na jioni wageni walipoanza kutawanyika, Flashi aliikataa picha ya familia aliyotaka kuipiga rafiki yake kwa taa kubwa. Aliwapanga wote uani, Baba katikati na filimbi yake shingoni, mwezi mwembamba ukining'inia nyuma yao juu ya ukuta. Akaamuru taa zote zizimwe. Aliwaeleza kwamba lenzi itakaa wazi kwa muda, kwa hiyo asitikisike mtu, asijikune, asiongee. Kisha akakimbia kushika nafasi yake kando ya mkewe.

Walikaa kimya. Hata watoto. Mahali fulani gizani, ndani ya mfuko mweusi, simu ya bwana harusi ililia. Hakuna aliyesogea, isipokuwa Kaka, aliyedhani ni yake.

Picha ile iko sebuleni hadi leo, pembeni ya kabati la filimbi. Mama anaonekana vizuri, Baba anaonekana vizuri, bibi na bwana harusi wametulia kama mawe yale ya mlimani, na juu yao kila nyota iko mahali pake. Kaka ametoka kama moshi uliovaa suti. Kila mgeni huuliza yule ni nani, na kila mara Kaka hueleza mwenyewe, kwa kirefu.

Chini kwenye kona kuna tarehe na saa. Ni sahihi.